Sumu ya Salisbury na wanadiplomasia waliofukuzwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Urusi na nchi za Magharibi zinapotimuliana wanadiplomasia, jina la Salisbury, mji wa Uingereza ambako jasusi wa zamani wa Urusi, Sergei Skripal, alitiliwa sumu mwaka 2018, hurudi midomoni mwa watu, na maswali huwa ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Yanaanza na ya msingi na kuishia na yale yanayowatatiza hata wafuatiliaji wa siku nyingi. Pale jibu linapogusa swali jingine nimetaja namba yake.

## Kisa chenyewe

1. Sergei Skripal ni nani, na alifikaje Uingereza?

Alikuwa kanali wa GRU, idara ya ujasusi ya jeshi la Urusi. Katikati ya miaka ya 1990 alianza kuwapa siri MI6, majasusi wa nje wa Uingereza. Alikamatwa Desemba 2004, na mwaka 2006 mahakama ya kijeshi mjini Moscow ikamhukumu kifungo cha miaka 13 kwa uhaini.

Hakukimaliza. Katikati ya 2010 Marekani iliwanasa majasusi kumi wa Urusi waliokuwa wakiishi humo kama watu wa kawaida, na Julai mwaka huo mabadilishano yakafanyika katika uwanja wa ndege wa Vienna: kumi hao kwa watu wanne waliotolewa magerezani Urusi. Skripal alikuwa mmoja wa hao wanne. Kabla hajapanda ndege, rais wa Urusi alimsamehe rasmi.

Msamaha huo ndio unaokifanya kisa hiki kiwe kizito. Huyu hakuwa mtoro. Nchi yake mwenyewe ilimfunga, ikamsamehe, ikamkabidhi kwa mkono wake na kupokea watu wake. Alinunua nyumba Salisbury, mji mdogo wa kusini mwa Uingereza, akaishi humo kwa jina lake halisi.

2. Nini kilitokea tarehe 4 Machi 2018?

Ilikuwa Jumapili. Skripal, wakati huo akiwa na miaka 66, na binti yake Yulia, aliyekuwa amewasili kutoka Moscow siku moja kabla, walikutwa wamezirai kwenye benchi katikati ya mji. Walikuwa wametoka kula mgahawani. Wapelelezi walibaini baadaye kwamba sumu ilipakwa kwenye kitasa cha mlango wa mbele wa nyumba yao. Nick Bailey, askari mpelelezi aliyefika nyumbani hapo, naye akalazwa.

Wote watatu walipona. Bailey aliruhusiwa mwezi huohuo, Yulia Aprili, na baba yake tarehe 18 Mei. Kuusafisha mji kulichukua karibu mwaka mzima, hadi Machi 2019.

3. Novichok ni sumu ya namna gani?

Ndiyo iliyotumika Salisbury. Ni jina la kundi la sumu za neva zilizotengenezwa Muungano wa Kisovieti kuanzia miaka ya 1970. Huzuia kimeng'enya kinachoiambia misuli ilegee baada ya kukaza, hivyo misuli hukaza bila kuachia na mtu hushindwa kupumua. Yaweza kuingia kupitia ngozi, ndiyo maana kitasa cha mlango kilitosha.

Sumu ya aina hii haipikwi jikoni. Inahitaji maabara na wataalamu, na kushikwa kwa uangalifu ambao kwa kawaida ni dola tu inayoumudu. Kwa sababu hiyo jambo lilihama haraka kutoka mikononi mwa polisi wa mkoa hadi meza ya Waziri Mkuu.

## Lugha ya kufukuza

4. Uingereza ilichukua hatua gani, na kwa mpangilio gani?

Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Theresa May aliliambia Bunge kwamba kuna uwezekano mkubwa Urusi ndiyo iliyohusika. Alitaja njia mbili tu: ama dola ya Urusi imefanya kitendo hiki moja kwa moja, ama imeshindwa kuilinda sumu yake hadi ikaangukia mikono mingine. Aliipa Moscow hadi mwisho wa siku iliyofuata kueleza ni ipi kati ya hizo.

Maelezo hayakuja. Tarehe 14 Machi May akatangaza kuwafukuza wanadiplomasia 23 waliotambuliwa kuwa maofisa wa ujasusi, akawapa wiki moja. Mazungumzo ya ngazi za juu yakasimamishwa, mwaliko wa Waziri wa Mambo ya Nje Sergei Lavrov ukafutwa, na ikaamuliwa kwamba hakuna waziri wala mtu wa familia ya kifalme atakayekwenda kwenye Kombe la Dunia (swali la 10).

Kufukuza kwa wingi kiasi hicho hakukuwa kumeonekana London kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1985 waliondolewa Wasovieti 31, na mwaka 1971 walitimuliwa 105 kwa mkupuo.

5. Kwa nini wafukuzwe watu ambao hawakumtilia mtu sumu?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki ya kushangaa. Aliyepaka sumu ni mmoja, anayefungasha mizigo ni mwingine, tena pamoja na mke na watoto waliokuwa katikati ya muhula wa shule.

Jibu liko kwenye Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Mwanadiplomasia hawezi kukamatwa wala kushtakiwa na nchi mwenyeji. Kinga hiyo ni kamili, na bila hiyo hakuna balozi angethubutu kufanya kazi ugenini. Ila ibara ya 9 inaipa nchi mwenyeji silaha moja: wakati wowote, bila kutoa sababu, yaweza kumtangaza mwanadiplomasia kuwa mtu asiyetakiwa, na nchi yake hulazimika kumwita nyumbani. Kwa hiyo kufukuzwa si hukumu, wala haimaanishi mhusika amepatikana na hatia yoyote. Ni ujumbe kati ya serikali na serikali.

Kuna pia sababu ya kazi yenyewe. Kila nchi kubwa huweka majasusi ndani ya balozi zake kwa vyeo vya bandia, kama vile katibu wa pili au mwambata wa utamaduni. Mwenyeji mara nyingi anawajua na kuwaacha, maana anayejulikana ni rahisi kumfuatilia kuliko mgeni. Siku ya kuwaondoa kwa pamoja, mtandao uliojengwa kwa miaka hukatika: watoa habari hubaki bila mtu wa kukutana naye, na atakayetumwa badala yao huanza upya kabisa.

6. Je, kufukuza wanadiplomasia ni kuvunja uhusiano?

Hapana. Ubalozi hubaki wazi, balozi hubaki kazini, na bendera hupepea kama kawaida. Hatua zina ngazi: kumwita balozi wa nchi hiyo kumhoji, kumrudisha balozi wako nyumbani kwa mashauriano, kufukuza maofisa, kufunga ubalozi mdogo, na juu kabisa kuvunja uhusiano. Machi 2018 Uingereza na washirika wake walipanda ngazi kadhaa, lakini hakuna aliyeigusa ile ya mwisho.

7. Nchi ngapi ziliiunga mkono Uingereza, na kwa nini ziliingia ugomvi usiokuwa wao?

Zaidi ya nchi 20. Ukijumlisha na wale 23 wa London, waliofukuzwa walipita 150. Hakuna aliyewahi kuona maofisa wa Urusi wakifukuzwa kwa wingi namna hiyo kwa pamoja.

Siku kubwa ilikuwa Jumatatu ya tarehe 26 Machi. Marekani iliwafukuza 60, wakiwemo 12 waliokuwa kwenye ujumbe wa Urusi katika Umoja wa Mataifa mjini New York, na ikaufunga ubalozi mdogo wa Seattle. Ukraine iliwafukuza 13. Ujerumani, Ufaransa, Poland na Canada ziliwaondoa wanne kila moja. Nchi nyingi ndogo zilitoa mmoja au wawili. NATO nayo ikapunguza ujumbe wa Urusi makao makuu kutoka watu 30 hadi 20. New Zealand ilitangaza kwamba ilitafuta majasusi wa Urusi waliojificha kama wanadiplomasia na haikumpata hata mmoja wa kumfukuza.

Kwa nini waliingia? Siku nne kabla, viongozi wa Umoja wa Ulaya walikutana Brussels wakakubaliana na tathmini ya London, wakamrudisha balozi wa Umoja huo aliyekuwa Moscow kwa mashauriano. Uingereza iliwaonyesha taarifa za kijasusi ambazo kwa kawaida hazitoki nje. Na hoja iliyowagusa haikumhusu Skripal hasa: kama sumu ya kivita inaweza kupakwa kwenye mlango wa nyumba Salisbury, hakuna mji wa Ulaya ulio salama.

Ninavyoona mimi, uzito wote ulikuwa katika kufanya kwa pamoja. Ofisa mmoja akifukuzwa Tallinn au Dublin hakuna anayetetemeka. Zaidi ya nchi 20 zikitamka neno moja siku moja, Moscow hukosa pa kupasulia ukuta huo.

## Waliokataa na waliojibu

8. Kwa nini Austria ilikataa?

Serikali ya Vienna ilisema nchi yake haifungamani na upande wowote na inataka kubaki daraja kati ya Mashariki na Magharibi. Hoja hiyo ina historia ya kweli. Kumbuka mabadilishano ya 2010 yalifanyikia wapi. Lakini Ireland na Finland, ambazo nazo hazikuwa NATO, zilimfukuza mmoja kila moja. Tena ndani ya serikali ya Austria kilikuwemo FPÖ, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichotia saini mapatano ya ushirikiano na chama tawala cha Urusi mwaka 2016. Agosti 2018 Rais Putin alihudhuria harusi ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Austria. Mimi siioni hoja ya kutofungamana kuwa jibu lote.

Ugiriki, Cyprus, Slovenia na Ureno nazo hazikufukuza mtu.

9. Urusi ilijibuje?

Jino kwa jino, ikaongeza kidogo. Tarehe 17 Machi iliwafukuza Waingereza 23, ikaufunga ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Saint Petersburg na kusitisha kazi za British Council nchini humo. Mwisho wa mwezi ikawafukuza Wamarekani 60 na kuufunga ubalozi wao mdogo katika mji huohuo. Kila nchi nyingine ililipwa kwa idadi yake.

Kuna desturi nyuma ya usawa huo. Anayelipiza kwa idadi ileile anaeleza kwamba amekasirika ila hataki ugomvi upande. Anayezidisha anampa mwenzake sababu ya kuendelea. Aliyeumia hapo ni mwananchi: dirisha la viza linapofungwa Saint Petersburg, mwanafunzi au mtu mwenye mgonjwa nje hulazimika kufunga safari hadi Moscow na kupanga foleni iliyo ndefu zaidi.

10. Kombe la Dunia liliathirika?

Mechi, hapana. England ilicheza hadi nusu fainali, ikafungwa na Croatia mjini Moscow tarehe 11 Julai, huku jukwaa la wageni rasmi likiwa halina waziri wa Uingereza wala mwanamfalme. Viongozi wa Iceland nao hawakwenda, ingawa timu yao ilikuwa inashiriki kwa mara ya kwanza. Hakuna timu iliyojitoa.

## Ushahidi na ubishi

11. Nani alithibitisha kwamba ni Novichok?

Kwanza maabara ya serikali ya Uingereza ya Porton Down, iliyo kilomita chache tu kutoka Salisbury. Mkuu wake alisema wazi mwanzoni mwa Aprili kwamba wameitambua sumu lakini kazi ya maabara haiwezi peke yake kuonyesha ilitengenezwa wapi. Wengi walilichukua neno hilo kama ushahidi wa kuitakasa Urusi. Kulitambua jina la sumu na kumjua aliyeileta ni kazi mbili: ya kwanza ni ya mkemia, ya pili ni ya mpelelezi.

Kisha ikaja OPCW, shirika la kimataifa la kuzuia silaha za kemikali lenye makao yake The Hague. Wataalamu wake walichukua sampuli wao wenyewe, na tarehe 12 Aprili wakathibitisha matokeo ya Uingereza, wakiongeza kwamba sumu hiyo ilikuwa safi mno. Hawakumtaja mhusika kwa kuwa wakati huo shirika halikuwa na mamlaka hayo. Mwezi Juni nchi wanachama zilipiga kura 82 kwa 24 kulipa mamlaka ya kutaja wahusika, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya silaha za kemikali zilizotumika Syria na Salisbury.

12. Urusi inasema nini?

Inakanusha yote tangu siku ya kwanza. Ilisema nchi kadhaa za Magharibi zingeweza kuitengeneza sumu hiyo, na ikapendekeza uchunguzi wa pamoja. Pendekezo hilo lilipigiwa kura The Hague tarehe 4 Aprili: sita waliunga mkono, zikiwemo China, Iran, Algeria na Sudan, 15 walipinga, 17 hawakuegemea upande wowote. Hao 17 wanastahili kukumbukwa na anayesimulia kisa hiki kama dunia nzima dhidi ya Urusi.

13. Kwa nini Baraza la Usalama halikufanya lolote?

Lilikutana zaidi ya mara moja kuhusu suala hili. Urusi ni mjumbe wa kudumu mwenye kura ya turufu, basi mikutano iliishia kwenye hotuba.

14. Yulia ni raia wa Urusi. Je, ubalozi wake haukuwa na haki ya kumwona?

Swali zuri, na mara nyingi hujibiwa kwa jazba. Mkataba wa Vienna wa 1963, ambao ni mwingine na ule wa swali la 5, unawapa maofisa wa ubalozi haki ya kuwasiliana na raia wao ugenini. Ubalozi wa Urusi uliidai haki hiyo tena na tena. Lakini msingi wa mkataba ni kumsaidia raia, na raia anaweza kukataa msaada. Tarehe 11 Aprili, siku chache baada ya kutoka hospitali, Yulia alisema kupitia polisi kwamba anajua ubalozi upo tayari kumsaidia na kwamba kwa sasa hauhitaji. Mwezi Mei akalirudia hilo mbele ya kamera.

Mkataba huohuo ndio unaomlinda Mkenya au Mtanzania anayeshikiliwa na polisi katika nchi za Ghuba: ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe.

## Baada ya vumbi

15. Dawn Sturgess ni nani, na kwa nini hatajwi sana?

Ndiye aliyekufa. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye miaka 44, asiyekuwa na uhusiano wowote na ujasusi. Mwenzi wake aliokota kisanduku chenye kichupa cha manukato akampa zawadi. Tarehe 30 Juni 2018, huko Amesbury karibu na Salisbury, alijipulizia mkononi. Kichupa kilikuwa na Novichok. Alifariki tarehe 8 Julai. Mwenzi wake aliugua vibaya lakini akapona.

Naona uchungu ninapofungua makala ndefu kuhusu "kisa cha Skripal" na kumkuta mama huyu katika sentensi moja ya mwisho. Wanadiplomasia zaidi ya 150 walifukuzwa kwa ajili ya shambulio ambalo, hadi siku ile, halikuwa limeua mtu. Alipokufa yeye, hakukuwa na wimbi la pili la kufukuza. May alisema Septemba kwamba waliostahili kuondolewa walishaondolewa. Badala yake vikaja vikwazo. Vya Marekani vilianza Agosti 2018, na Januari 2019 Umoja wa Ulaya ukamwekea vikwazo mkuu wa GRU, naibu wake na watuhumiwa wawili.

16. Watuhumiwa watafikishwa mahakamani?

Kwa sasa hakuna njia. Septemba 2018 Uingereza iliwashtaki watu wawili waliosafiri kwa majina ya Alexander Petrov na Ruslan Boshirov. Siku chache baadaye walijitokeza kwenye televisheni ya Urusi wakasema walikuwa watalii waliokwenda kuona kanisa kuu la Salisbury na mnara wake wa mita 123. Waandishi wachunguzi wa Bellingcat waliwataja kuwa maofisa wa GRU, Alexander Mishkin na Anatoliy Chepiga. Wa tatu alishtakiwa mwaka 2021.

Katiba ya Urusi hairuhusu raia wake kukabidhiwa kwa nchi nyingine, kwa hiyo Uingereza haikuomba hata kukabidhiwa; ilitoa hati za kuwakamata wakitoka nje. Aprili 2021 Jamhuri ya Czech iliwahusisha wawili haohao na milipuko ya ghala la silaha la Vrbětice mwaka 2014, iliyoua watu wawili. Prague ikawafukuza Warusi 18. Moscow ikajibu kwa kuwafukuza 20.

17. Mbona alipouawa Litvinenko hatua zilikuwa ndogo?

Alexander Litvinenko, ofisa wa zamani wa FSB, idara ya usalama wa ndani ya Urusi, alikufa London Novemba 2006 kwa sumu ya mnururisho iitwayo poloniamu-210. Uingereza iliwafukuza Warusi wanne tu, tena Julai 2007, miezi minane baadaye, na Urusi ikawafukuza wanne. Uchunguzi rasmi ulitoa ripoti Januari 2016, ukisema mauaji hayo huenda yaliidhinishwa na Putin.

Wanne kwa wanne, na biashara ikaendelea. Kati ya hapo na 2018 Urusi iliinyakua Crimea kutoka Ukraine mwaka 2014, vikaja vita vya mashariki mwa Ukraine, na subira ya Ulaya ilikuwa imepungua. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba udhaifu wa 2007 ulisomwa vizuri na waliopanga ya 2018.

18. Jambo kama hili limewahi kutokea Afrika?

Ndiyo, ingawa si kwa sumu. Patrick Karegeya, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Rwanda kabla ya kuwa mpinzani, alikutwa amenyongwa katika chumba cha hoteli Johannesburg tarehe 1 Januari 2014. Machi mwaka huo, baada ya nyumba ya mpinzani mwingine, Jenerali Kayumba Nyamwasa, kuvamiwa, Afrika Kusini iliwafukuza wanadiplomasia watatu wa Rwanda na mmoja wa Burundi. Kigali, inayokanusha kuhusika, iliwafukuza Waafrika Kusini sita.

Hapa hakukuwa na siku ya nchi 20. Pretoria ilisimama peke yake, na raia wa Rwanda waliotaka viza ya Afrika Kusini walihangaika kwa miaka.

19. Kwa hiyo hatua zile zilisaidia?

Inategemea unauliza juu ya nini. Kama ni kuwafikisha watuhumiwa kizimbani, hapana. Kama ni kuzuia sumu isitumike tena, hapana vilevile: Agosti 2020 mpinzani Alexei Navalny alipewa sumu ya kundi hilohilo ndani ya Urusi yenyewe. Kama ni kuvuruga kazi ya majasusi Ulaya, ndiyo, kwa sababu nilizozitoa katika swali la 5. Na nchi zilijifunza namna ya kufanya kwa pamoja. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Ulaya iliwafukuza mamia ya maofisa wake katika muda wa wiki chache.

20. Uchunguzi wa Uingereza uliishia wapi, na Skripal yuko wapi sasa?

Uchunguzi wa hadhara uliobeba jina la Dawn Sturgess, chini ya jaji mstaafu Lord Hughes, ulisikiliza ushahidi mwishoni mwa 2024 na kutoa ripoti Desemba 2025. Ulihitimisha kwamba operesheni hiyo iliidhinishwa na Putin mwenyewe. Siku hiyohiyo London iliiwekea vikwazo GRU yote na kumwita balozi wa Urusi. Moscow imekanusha.

Skripal na binti yake wanaishi mahali pasipotajwa. Hawakufika mbele ya uchunguzi kwa sababu za usalama. Kanali alituma maelezo ya maandishi, akasema anaamini shambulio lisingefanyika bila ruhusa ya Putin. Wazazi wa Dawn walikuwepo ukumbini.